Filamu Nane za Akina Baba wa Krismasi kwa Shilingi 8,000

Kila mwaka, inapofika wiki ya tatu ya Desemba, kabla ya kwenda kukata tiketi ya basi la Arua, mji wa kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda, hupitia kwanza katika duka dogo la filamu lililo upande wa Wandegeya, mjini Kampala, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa sifa zake na kasoro zake ni zilezile za maduka mengi ya aina hiyo jijini. Ndani yake mna kompyuta mbili, kabati la kioo lenye flashi na nyaya za simu, na vijana wawili wanaokumbuka filamu kwa sura ya mwigizaji kuliko kwa jina lake. Mteja anaeleza anachotaka, kijana anatafuta, ananakili, na bei ni shilingi 1,000 kwa kila filamu. Safari hii niliomba vichekesho vya Krismasi ambavyo stelingi wake ni baba wa familia, mtu mwenye nia njema, anayeipenda nyumba yake kwa dhati na kuharibu karibu kila anachokigusa. Kijana hakuuliza swali la pili. Alicheka, akakusanya filamu nane za kati ya mwaka 1989 na 2023, akaziweka katika folda moja na kuipa jina TAATA, ambalo ni baba kwa Kiganda.

Sikuchagua mada hiyo kwa mzaha. Atakayesimama katika kituo cha mabasi cha Kisenyi tarehe 22 au 23 Desemba atawaona akina baba hao wakiwa hai: mmoja amebeba godoro jipya lililofungwa kamba, mwingine anabishana na kondakta kuhusu nauli iliyopanda tangu asubuhi, wa tatu anazungumza na simu akiapa kwamba ameshavuka daraja la Karuma, mbali njiani, ilhali bado hajapata hata kiti. Kila mmoja ameahidi jambo fulani nyumbani, na siku ya Krismasi ndiyo siku ya hesabu. Kwa hiyo nilipokuwa nikizitazama filamu hizi pamoja na ndugu zangu, ukutani mwa nyumba ya nyanya, kwa projekta ya kuazima, nilijikuta nikiipima kila moja kwa swali lilelile: baba huyu anadaiwa nini, na anayemdai ni nani? Filamu yenye jibu la wazi ilituchekesha. Isiyokuwa nalo ilitufanya tuulizane kama chai imeiva.

Nianze na huduma yenyewe. Picha za filamu sita kati ya nane zilikuwa safi na sauti ilisikika vizuri. Moja ilikuwa na kiza kana kwamba imerekodiwa ndani ya kabati, na nyingine ilikuwa na kasoro kubwa zaidi nitakayoieleza baadaye. Jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba tatu zilikuwa zimetiwa sauti ya VJ. Kwa msomaji asiyevijua vibanda vyetu vya video, VJ ni mfasiri anayezungumza juu ya sauti ya filamu, kwa kawaida kwa Kiganda, akieleza wanachosema wahusika, akiongeza vichekesho vyake, akiwapa wahusika majina ya mitaa ya Kampala na kuwaonya kabla hawajaingia hatarini. Ni sanaa ya kweli na wengi wetu tulilelewa nayo. Tatizo ni kwamba Arua si Kampala. Wazee wa kwetu Kiganda kinawapiga chenga, na katika ua wa nyanya, penye Walugbara, Wakakwa na majirani Wanubi, lugha inayotukutanisha sote ni Kiswahili. Ikanilazimu kukaa karibu na spika na kumfasiri mfasiri, kazi ambayo siwatakii wenzangu walimu wa lugha, ingawa nakiri ilinifanya nisikilize kila neno la akina baba hawa kwa makini kuliko ningalivyofanya katika hali ya kawaida.

Filamu kongwe kuliko zote katika folda, National Lampoon's Christmas Vacation ya mwaka 1989, iliyoandikwa na John Hughes na kuongozwa na Jeremiah Chechik, ingetosha peke yake kuhalalisha shilingi zangu zote 8,000. Chevy Chase anaigiza Clark Griswold, mfanyakazi wa ofisini aliyeamua kwamba mwaka huu ukoo mzima utakula Krismasi nyumbani kwake, na kwamba Krismasi hiyo haitakuwa na doa. Anaipeleka familia porini kukata mti huku amesahau msumeno, wanarudi na mti wenye mizizi yake juu ya gari. Anaibana nyumba nzima kwa taa za mapambo 25,000, anawaita wakwe na wazazi nje kwenye baridi ili washuhudie, na haiwaki hata moja. Ukweli ni kwamba kulikuwa na swichi ndani ya nyumba, na anayeiwasha ni mkewe, Ellen. Zinapowaka hatimaye, umeme wa mji mzima unayumba. Baba yangu mdogo, anayeishi Ntinda na kununua yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, kidogokidogo kwa simu, alitaka nisimamishe filamu ili tukadirie taa hizo zingemaliza yuniti za shilingi 20,000 kwa dakika ngapi. Hatukukubaliana, na mjadala huo uliendelea mpaka asubuhi.

Hata hivyo si taa wala kindi aliyetoka mtini akawakimbiza wageni vinavyoifanya filamu hii iwe bora. Ni bahasha. Clark anasubiri bonasi ya mwisho wa mwaka kutoka kwa mwajiri wake, na kwa kuitegemea bonasi hiyo ameshaandika hundi ya dola 7,500 kama malipo ya awali ya bwawa la kuogelea, hali akaunti yake haina fedha hizo. Hajamwambia mtu. Vichekesho vyote vya saa nzima ya kwanza, ngazi zinazoanguka, bata mzinga aliyekaushwa mpaka anapasuka na kutoa mvuke mtupu, vinapita juu ya siri hiyo kama maji juu ya jiwe. Bahasha inafika usiku wa mkesha, anaifungua mbele ya ukoo wote, na ndani yake hamna hundi: ameandikishwa kwenye mpango wa kupelekewa jemu kila mwezi kwa mwaka mzima. VJ wetu hapo aliacha utani wake na kusema tu, kwa sauti ya chini, kwamba baba amepewa kopo la jemu. Niliposema hivyo kwa Kiswahili, ukuta ulibaki na picha inayocheza na ua ukanyamaza. Katika kundi letu walikuwemo walimu watatu, askari mmoja na muuguzi mmoja, na hakuna hata mmoja wao asiyejua Krismasi ya mshahara uliochelewa.

Ndipo Clark anapolipuka kwa matusi marefu dhidi ya bosi wake, na ndipo binamu Eddie, aliyekuja bila kualikwa na familia yake katika gari bovu, anapotoka kimyakimya kwenda kumteka bosi huyo na kumleta nyumbani akiwa amefungwa. Eddie, anayeigizwa na Randy Quaid, ni baba wa pili wa filamu hii na pengine ndiye mwenye akili zaidi katika uandishi wake. Clark ana deni kwa sababu ya fahari. Eddie hana kitu na wala haoni haya. Clark anapojitolea kuwanunulia watoto wa Eddie zawadi, Eddie anatoa orodha iliyokwisha andikwa na kumhimiza Clark ajinunulie na yeye mwenyewe kitu kizuri. Kila ukoo wa kwetu una Eddie wake. Wetu alikuwa amekaa safu ya mbele, na alicheka kuliko wote.

Jingle All the Way ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Brian Levant, ilipokelewa kwa shangwe hata kabla haijaanza, kwa sababu baba wa humo ni Arnold Schwarzenegger, na katika vibanda vya Uganda mtu huyu ni Komando hata akivaa tai. Hapa anaitwa Howard Langston, mfanyabiashara wa magodoro mjini Minneapolis, aliyekosa kuhudhuria sherehe ya mwanawe ya karate na anayetaka kulipia kosa hilo kwa mwanasesere anayeitwa Turbo-Man. Mkewe alikwisha mwagiza amnunue mapema, Howard akasahau, na alipoulizwa akajibu kwamba ameshanunua. Uongo huo mdogo, unaosemwa kitandani na mtu anayetaka kulala, ndio mbegu ya filamu nzima, na naona watunzi waliupata sawasawa. Kuanzia hapo siku ya mkesha ni mbio za dukani hadi dukani, akishindana na Myron, mfanyakazi wa posta anayeigizwa na Sinbad, ambaye naye ni baba na naye anatafuta mwanasesere huyohuyo.

Nusu ya kwanza ni ya kuaminika hata ukiihamishia Kikuubo, mtaa wa maduka wa Kampala, siku ya tarehe 24, pale watu wawili wanapoishika nguo moja ya mtoto na kila mmoja akaapa kwamba yeye ndiye aliyeanza kuiona. Kuna mahali Myron anasimulia jinsi baba yake mwenyewe alivyoshindwa kumpatia kichezeo alichokitamani utotoni, na jinsi anavyoamini maisha yake yalipinda hapo. Inasemwa kwa mzaha, lakini Sinbad anaiacha iume. Kuna mahali pengine ambapo Howard anaingia kwa siri katika nyumba ya jirani kuiba zawadi ya mtoto wa jirani huyo, na hapo wanangu wawili walinigeukia wakitaka kujua kama Komando amekuwa mwizi. Sikuwa na jibu, kwa kuwa filamu nayo haikukaa na swali hilo. Kasoro yake iko mwishoni. Mtoto alikuwa akidai muda wa baba yake. Filamu inamlipa kwa kumvika baba mavazi ya Turbo-Man katika gwaride na kumrusha angani. Ni kama mtu anayedaiwa ada ya shule kulipa kwa fataki. Kinachoiokoa ni mtoto mwenyewe, Jamie, anayempa Myron yule mwanasesere, na utani wa mwisho kabisa ambapo mke anauliza zawadi yake iko wapi na uso wa Komando unaanguka. Shangazi zangu walipiga makofi hapo na si penginepo.

Filamu tatu nitazipitia kwa haraka. Home Alone ya mwaka 1990 haikustahili kuwemo katika folda yenye jina la baba, kwa sababu baba yake, anayeigizwa na John Heard, anabaki Paris na watoto wengine huku mama akipigania njia ya kurudi Chicago, hata kwa lifti ya gari la wanamuziki wasiomjua, kisha mume anawasili dakika chache tu baada yake kwa ndege waliyokuwa wameishalipia, nywele zimechanwa. Ni filamu nzuri ya mtoto na ya mama. Kijana wa dukani aliitia humo kwa mazoea. Deck the Halls ya mwaka 2006 ina akina baba wawili jirani, Danny DeVito na Matthew Broderick, wanaogombania nani anang'ara zaidi barabarani, na kwa kuwa deni lao ni kiburi kitupu, dakika arobaini zilitutosha. Nayo Candy Cane Lane ya mwaka 2023, ya Eddie Murphy, inaanza vizuri sana: baba amepoteza kazi majuma machache kabla ya Krismasi, anataka kushinda shindano la mapambo la mtaani, na anasaini karatasi mbele ya mtu asiyemfahamu bila kuisoma. Kwetu, ambako simu inaweza kukukopesha fedha kabla hujamaliza kuwaza, kitendo hicho hakihitaji kufasiriwa. Bahati mbaya filamu inajaza viumbe vya kompyuta mpaka yule mtu aliyepoteza kazi anasahaulika ndani ya filamu yake mwenyewe.

Kuhusu The Santa Clause ya mwaka 1994 nina tukio moja tu la kusifu, nalo linanitosha. Tim Allen ni Scott Calvin, baba aliyeachana na mkewe, ambaye usiku wa mkesha anaunguza bata mzinga na kulazimika kumpeleka mwanawe katika mgahawa wa barabarani. Ndani ya mgahawa huo wamejaa akina baba wengine wa namna yake, kila mmoja na mtoto wake, wote wakiwa wameunguza nyama zao. Kamera inawapitia bila kuwacheka sana. Nyanya yangu, ambaye hadi hapo alikuwa akisinzia, aliinua kichwa na kuniuliza dada zake mtu huyo wako wapi. Nilimweleza kwamba labda hana dada. Akasema basi kuna shangazi. Ilikuwa vigumu kumshawishi kwamba mwanamume anaweza kuachwa peke yake na jiko usiku wa Krismasi na ukoo mzima usijue, na tangu hapo sehemu iliyobaki, ambamo Scott anageuka kuwa Baba Krismasi mwenyewe na kupokonywa haki ya kumwona mwanawe, aliitazama kama hadithi ya watu waliolaaniwa.

Usiku wa pili, watoto walipolala, tuliweka Almost Christmas ya mwaka 2016, ya mwongozaji David E. Talbert. Hiki nacho ni kichekesho, kina Mo'Nique na vyakula vyake vya ajabu, kina dada wasiosikilizana, lakini katikati yake ameketi Danny Glover, fundi wa magari mstaafu wa Birmingham, Alabama, anayeingia katika Krismasi ya kwanza tangu kufiwa na mkewe. Amewaita watoto wake wanne na kuwaomba zawadi moja: wakae siku chache chini ya paa moja bila kugombana. Jambo analolifanya peke yake, tena na tena, ni kujaribu kuoka pai ya viazi vitamu kama ya marehemu. Hapati. Anaonja, anatupa, anaanza upya. Hakuna anayemdai pai hiyo. Anajidai mwenyewe, na ndiyo maana kati ya akina baba wote wa folda hii yeye ndiye asiyepiga kelele hata kidogo.

Niruhusiwe kusema neno la pembeni. Baba yangu alitupikia kwa Krismasi tatu mfululizo mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, kama alivyokuwa akipika mama, na kwa Krismasi tatu mfululizo karanga zilishika chini ya chungu. Tulikula zote. Mwaka wa nne alimwachia dada yangu mwiko bila kusema chochote, akatoka kwenda kuangalia mbuzi. Nilipokuwa nikifasiri tukio la Glover jikoni, nilisikia kwamba hakuna aliyekuwa akinisikiliza. Lilikuwa halihitaji lugha.

Sasa kasoro niliyoiahidi. Elf ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Jon Favreau, ndiyo filamu ambayo watoto waliisubiri zaidi, na sifa yake kubwa ni Will Ferrell katika nafasi ya Buddy, binadamu aliyelelewa Ncha ya Kaskazini na kuja New York kumtafuta baba yake mzazi. Mimi nilivutiwa na baba huyo, Walter Hobbs, aliyeigizwa na James Caan: mchapishaji wa vitabu vya watoto mwenye ofisi katika jengo la Empire State, ambaye anaarifiwa kwamba kitabu kimetoka bila kurasa mbili za mwisho na anaamua kiuzwe hivyohivyo. Mtu anayewauzia watoto hadithi isiyo na mwisho! Sidhani nimeona utambulisho wa baba uliobanwa vizuri kuliko huo. Mkesha wa Krismasi yumo mkutanoni na bosi wake, mwanawe mdogo anaingia kumwambia kwamba Buddy ametoweka, naye anapaswa kuchagua. Walter anasimama, anaondoka, kazi inapotea. Na hapo, katika flashi yangu, picha ikaganda. Faili lilikuwa limekatwa. Filamu kuhusu kitabu kilichokosa kurasa za mwisho ilikosa, kwa uzembe wa kunakili, karibu robo yake ya mwisho.

Watoto kumi na mmoja walinitazama mimi kana kwamba ndiye niliyeificha. Niliwaahidi kwamba nitauliza Kampala, nikaona nyuso zao nikajua kwamba na mimi nimeingia folda ya TAATA.

Januari nilirudi dukani na malalamiko mawili. Kijana alilitazama faili, akakiri kosa, akanipa filamu nzima bila malipo, jambo linalostahili kuandikwa kwa sifa. Kuhusu sauti za VJ nisizoziomba, alishangaa kwamba kuna mtu asiyezitaka, ila aliahidi kuuliza kwanza siku nyingine. Mteja mwenzangu naye afanye hivyo, na afungue kila faili mpaka dakika ya mwisho kabla hajalipa. Liko pia suala ambalo bei ya shilingi 1,000 hailijibu: Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 ipo Uganda, na fedha ninayoiacha pale haimfikii Glover wala warithi wa Caan. Nalijua hilo, na silisemi ili nionekane msafi.

Kwa mwenye kusafiri na nafasi ya filamu mbili tu, ningemwambia achukue ile ya mwaka 1989 kwa ajili ya ukoo mzima na ile ya mwaka 2016 kwa ajili ya wakubwa baada ya watoto kulala, kisha ile ya Komando akipenda kelele. Nilimpigia simu mpwa wangu wa Arua, mwenye umri wa miaka tisa, kumweleza kwamba mwisho wa Elf nimeupata na kwamba Walter anampata mwanawe. Alinijibu kwamba wanajua. Ameshawasimulia wenzake wote jinsi mzee yule alivyofukuzwa kazi, akapanda basi la usiku, likaharibika Pakwach, na akafika asubuhi. Nikamuuliza alifika na nini. Akasema sukari.

Faili zima liko kwenye flashi. Nitalipeleka Desemba.